Dar ya Baba Mkwe

Machi 3
Mvua. Nimeamka inanyesha, nalala inanyesha. Watu wa Kyela hawaulizi mvua itanyesha lini, wanauliza itapumzika lini. Sketi zangu za kazini zimeota ukungu kabatini.

Machi 9, Jumapili
Tumerudi kutoka Busale kwa wakwe, na nimerudi na hasira. Naandika hapa kwa sababu nikimweleza Godwin anacheka.

Tulikuwa njiani, karibu na daraja la miti, Godwin akanivuta mkono. "Doro, toka njiani, baba anakuja." Nikatoka. Nikasimama kwenye majani yaliyolowa, nimeipa njia mgongo, kitenge kichwani, matone yananiingia shingoni, na mzee Anyelwisye, baba mzazi wa mume wangu, mtu aliyeleta posa kwetu, akapita na jembe lake bila neno. Nilisikia mabuti yake tu yakivuta tope.

Ndiyo mila ya kwao. Wanaiita kutila. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, na baba mkwe hamtazami yeye. Hamsalimiani, hamli pamoja, jina lake hulitaji. Hapa Mbugani tunapoishi wengi wameshaachana nayo, lakini yeye na kaka zake kule Busale wameishikilia kwa meno. Siku ya harusi yetu alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa, na mimi nina shela, basi tukamalizana hivyo. Mwaka na nusu sasa sijui kama baba mkwe wangu ana ndevu au hana.

Mimi mtoto wa Mbagala! Nimekulia kwenye foleni ya maji, nimesukumana na wanaume wa kila namna, nimesoma, serikali imenileta huku kuwa afisa ushirika, wakulima wa kakao wananiita mheshimiwa. Leo naswagwa njiani kama kuku. Na jina lake naliandika makusudi: Anyelwisye. Anyelwisye. Tuone atakayenifanya kitu.

Machi 16
Mama mkwe, Veronika, kaja na mkungu wa ndizi na habari. Mzee anataka kwenda Dar es Salaam.

Nikadhani utani. Mzee hajawahi kupita Mbeya. Lakini mama aliniambia kwa upole wake ule wa kutazama chini: jicho la kushoto limekwisha. La kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Daktari Mbeya amesema ni presha ya macho, dawa ya matone inachelewesha tu, haiponyi. Mzee amesema basi, mpunga ukishavunwa, kabla jicho halijafunga, aende akaone Dar.

"Sasa ana swali lako," mama akasema.

"Langu mimi?"

"Anasema kila aliyekwenda Dar amemletea bahari, ghorofa na Kariakoo. Ameshachoka navyo. Anauliza, wewe uliyekulia huko, kuna nini ambacho watu hawaendi kukiona?"

Nilicheka. Mtu hataki kuniona lakini anataka nimwonyeshe mji! Mama naye akacheka, kisha akaniambia nisimjibu haraka, nifikirie. Nimefikiria jioni nzima. Sina jibu.

Machi 22
Nimempigia kaka yangu Jovitus, yuko Dar. "Mzee wa sabini na ushee? Mpeleke ufukweni apige picha, umnunulie mishikaki, kazi imekwisha." Nikamwambia huyo mzee ziwa analo, anaamka nalo kila siku. Jovitus akasema basi hakuna kingine.

Aibu. Nimekaa Dar tangu nazaliwa mpaka naajiriwa, na ninachokijua ni njia ya shule, njia ya soko na njia ya kanisa.

Machi 30, Jumapili
Leo nimeongea na baba mkwe. Yaani, sijaongea naye.

Jiko la Busale lina kuta za mianzi. Mimi ndani na mama tunamenya ndizi, yeye nje upande wa pili, kwenye kigoda chini ya paa, mvua inamwagika mbele yake. Nasikia hata akikohoa. Mara sauti:

"Veronika. Muulize mkwe, treni hiyo ya umeme ya Dar inaondokaje bila moshi?"

Mama akanigeukia. "Anauliza treni inaondokaje bila moshi."

"Nimesikia, mama."

"Nijibu mimi."

Nikamjibu yeye. Mama akageukia mianzi na kuyarudia maneno yangu yote, taratibu, kama anayesomea darasa. Mzee akasubiri amalize ndipo akaguna, kana kwamba hakuwa amesikia kitu. Haki ya Mungu nusura nijikate kidole kwa kicheko.

Nikasema yale niliyokusanya. Wanawake wanaofagia barabara kabla hakujapambazuka, mji mtupu, unasikia fagio tu. Mnada wa samaki Feri, watu wanagombana kwa lugha ambayo hata mimi mtoto wa mjini siielewi. Kivuko cha Kigamboni: unapanda, unavuka, unashuka, unapanda tena, huna unakokwenda. Hicho akakipenda sana. "Mwambie mkwe hicho nakitaka. Kusafiri bila shughuli."

Na duka la mchele, akasema. Anataka asimame mbele ya muuza mchele wa Dar amsikie anavyousifia mchele wa Kyela, auone ule mchele wala si wa Kyela, kisha acheke kimoyomoyo.

Aprili 6, Jumapili
Tena Busale. Godwin anashangaa, zamani alikuwa ananibembeleza kwenda.

Leo mzee kasema: "Veronika, mwambie mkwe nataka kwenda msibani."

"Msiba wa nani?" nikauliza kabla mama hajarudia. Mama akanikata jicho, nikanyamaza, akarudia la mzee, nikauliza upya.

"Wowote ule. Watu huwezi kuwajua mpaka uone wanavyozika."

Huyu ni Mnyakyusa kweli! Huku mtu akifa kijiji kizima kinahama, wanalala huko, kazi zinasimama. Nikamweleza misiba ya Dar. Turubai barabarani, viti vya plastiki, watu wameinamia simu. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani, unakaa, unapewa pilau. Wengine wakishaandikisha mchango wanawahi kazini.

Mvua tu.

"Mwulize," akasema mwishowe, "wanaondoka kabla ya kuzika?"

"Wengine, ndiyo."

"Ee tata! Basi hapo ndipo pa kwanza."

Aprili 8
Kazini, kakao imelowa maghalani. Kelele tupu.

Aprili 20, Pasaka
Samaki mbasa wa kuchoma, wali, na mzee nje ya mianzi anauliza Dar watu wakigongana barabarani wanaombana radhi au wanatukanana. Nikamwambia hawaangaliani hata usoni. Akauliza mara mbili: hata kidogo? Hata kidogo, baba. Nilisema "baba" na mama akalirudisha kama lilivyo.

Nimegundua najiandaa kwa Jumapili. Barabarani nikiona jambo najiambia hili la kumwambia mzee. Baba yangu mwenyewe alikufa nikiwa mdogo, na sijawahi kuwa na mtu mzima wa kunisikiliza hivi, neno kwa neno, mara mbili mbili.

Aprili 27
Mto umevunja kingo. Njia ya Busale haipitiki, bodaboda wamegoma. Godwin kapiga simu, wako salama, maji yameishia bandani. Hakuna Jumapili.

Mei 4
Hakuna Jumapili tena.

Mei 5
Nimempigia mama, eti nimsalimie. Nikasikia nyuma yake: "Veronika, muulize mkwe, wale wafagiaji, fagio lao ni la nini, chelewa au plastiki?" Nimecheka peke yangu ofisini mpaka mhasibu wetu Eliud akachungulia.

Mei 18, Jumapili
Njia imefunguka. Mpango wa safari umekamilika, na ni mpango wa ajabu kuliko mji wenyewe.

Mimi ninatangulia siku moja, nalala kwa mama yangu Mbagala. Mzee na Godwin wanafuata na basi. Mjini nitatembea mbele, sigeuki. Godwin katikati. Mzee nyuma, ananifuata kwa mgongo. Nikisimama, wanasimama. Nikitaka kueleza kitu napiga simu, Godwin anapokea, anarudia. Nimenunua kitenge chekundu kabisa ili lile jicho lake lisinipoteze.

Mzee kasema nje ya mianzi: "Mwambie ndaga fijo. Amejisumbua." Ndaga ndiyo asante yao.

Ningeridhika hapo. Lakini njiani kurudi nilianza kumwambia Godwin: sasa huu si utoto? Tumeongea masika nzima. Mtu anapofuka, halafu tutembee Dar kama tunawindana? Godwin akajibu neno moja tu, "Acha." Sipendi kuambiwa acha.

Mei 25
Mvua inapungua. Mpunga umekuwa wa dhahabu pande zote za barabara. Mama anasema mzee sasa anapapasa mlango.

Juni 1
Sijaenda. Nina mafua. Nimeendelea kulitafakari lile jambo, na kila nikilitafakari naona niko sahihi.

Juni 7
Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Leo ilikuwa siku ya kuvuna kwa mzee. Majirani walikuja kusaidia, wanawake wengine wanakata, wengine wanapiga mpunga kwa fimbo kwenye turubai, wanaimba. Wazee walikaa kwenye tuta pembeni, mzee na kaka yake mkubwa Yakobo na wengine, wamenipa mgongo. Nilimjua mzee kwa sauti. Ndiyo mara ya kwanza naona mabega yake vizuri. Membamba, kuliko nilivyodhani.

Chai ya wazee hupelekwa na mama. Leo mikono yote miwili ya mama ilikuwa kazini, birika liko tayari, na mimi nikajisemea: Dorothea, leo ndiyo leo. Siku ya furaha, mavuno, watu wote wapo, wataona hakuna kilichoanguka kutoka mbinguni. Nilifikiri namfungulia mlango. Nilifikiri atashtuka kidogo, kisha atacheka kile kicheko chake cha mianzini.

Nikachukua birika. Nikazunguka tuta. Nikapiga magoti mbele yake, uso kwa uso, nikasema, "Shikamoo baba."

Hakucheka. Alivuta koti likamfunika kichwa chote, kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Akasimama humo humo ndani ya koti, haoni, akakanyaga miganda, akaanguka kwa mikono, akainuka, akaondoka akipapasa kuelekea shambani ambako mpunga ulikuwa bado umesimama. Hakuna aliyemfuata. Fimbo zilisimama. Nyimbo zilisimama.

Yakobo akaweka kikombe chini. Akamwambia mama, si mimi: "Huyu ndiye mkwe mnayemfundisha kupitia ukuta?" Akaondoka, na wazee wengine nyuma yake.

Mama alinipokonya birika. Hajawahi kunipokonya kitu.

Naandika haya Mbugani, Godwin yuko nje hajaingia. Nimemsalimia mtu. Sijamtukana, sijamwibia. Nimemsalimia baba yangu.

Juni 8, Jumapili
Kanisani mwanamke nisiyemjua amenigeukia akanitazama kwa utulivu kabisa, kisha akageuka mbele.

Juni 10
Godwin anasema neno moja moja.

Juni 12
Mjini wameshapata habari. Dereva wa bajaji kaniuliza, "Dada, wewe ndiye uliyemsalimia mzee wa Busale?" Nikashuka nikatembea.

Juni 15, Jumapili
Mama mkwe amekuja mwenyewe. Hakuleta ndizi.

Alikaa mkekani, akakataa kiti. Alisema mzee aliitwa na kaka zake, wakamkalisha chini. Wakamwambia ni yeye aliyeanza, kwa kucheza na mke wa mwanawe ukutani, na mimi nimefanya kile alichonizoesha. Hakunitetea wala hakujitetea. Amekubali kosa, amechinja ng'ombe wa kuwaomba radhi, ameapa hatazungumza tena nami hata kwa mianzi. Dar haendi. Na wiki hii alitakiwa arudi Mbeya kwa daktari wa macho, matone yamekwisha, amekataa. Basi linapita Kyela mjini, na Kyela mjini watu wanacheka.

"Mama, nilimpenda tu," nikasema. "Nilitaka tusifichane."

"Najua."

"Sasa mbona mnaniadhibu kama mchawi?"

Akasema jambo ambalo, alisema, mzee alimkataza kusema, lakini sasa halina kazi tena.

Kwao kuna njia ya kuifungua ile mila. Baba mkwe anaweza kumpa mkwewe zawadi, akamwita kwa jina, wakatazamana, ikaisha. Ila lazima kaka zake waitwe, na Yakobo asingekubali kamwe. Mzee aliuliza kimya kimya, mchungaji akamwambia ni moyo wake tu. Basi akaona aende mbali. Dar hakuna Yakobo. Alikuwa amechagua kivuko. Tukifika katikati ya maji angemwambia Godwin asogee, angeniita, ningegeuka.

"Treni na samaki alivipenda, usidhani alidanganya," mama akasema. "Lakini kilichomfanya awahi kabla jicho halijafunga ni wewe. Alisema hawezi kupofuka bila kuona mtu aliyezungumza naye masika nzima anafananaje."

Nilimwuliza kama aliniona siku ile, hata kidogo, kabla ya koti.

"Alifumba," mama akasema. "Alijua ni wewe kwa sauti, akafumba kwanza, ndipo akafunika."

Juni 16
Sikwenda kazini.

Juni 17
Nimemwomba Godwin amwambie Yakobo kosa ni langu, nitakwenda kupiga magoti mwenyewe. Kasema nikipiga magoti mbele ya mzee mwingine tena atahama nyumba. Ndiyo mara ya kwanza tumecheka tangu siku ile, na hakikuwa kicheko kizuri.

Juni 22
Nimekwenda Busale. Nimepita njia ya nyuma, nimekaa jikoni. Mzee alikuwa nje, kigodani. Nilimsikia akipumua. Nikasema, kwa mama, kwamba nimesikia kuna fundi saa mtaa fulani Dar ana saa za ukutani tele na kila moja ina wakati wake. Mama akageukia mianzi, akarudia.

Kigoda kikalia. Nyayo zikaondoka, na fimbo, ikigonga huku na huku kutafuta njia. Zamani hakuwa na fimbo.

Juni 24
Godwin amepata dawa ya matone kwa rafiki yake anayetoka Mbeya. Mzee amekubali kuitia. Daktari mwenyewe amesema kwenye simu kwamba mzee alipaswa kupimwa mapema.

Julai 2
Jua. Vumbi limeanza. Vyandarua vimeanikwa pande zote, kila mtu anamsifu Mungu kwa ukavu huu, na mimi nautaka ule utelezi wa Machi, nisimame kwenye majani, nisikie mabuti yakipita, nisigeuke. Kilichonikera siku ile ni kitu kidogo mno. Mzee alikuwa ananiheshimu kwa namna aliyoijua, nami nikataka aniheshimu kwa namna ya Mbagala, tena mbele za watu, ili nionekane nimeshinda.

Julai 6
Jovitus kapiga: "Vipi, wageni wangu wanakuja lini?" Nikamwambia mpunga haujaisha.

Julai 13, Jumapili
Mama kapiga simu asubuhi. "Njoo. Mzee amesema uingie."

Nikajua. Hawezi kusema niingie ila kwa sababu moja.

Njiani Godwin alinieleza. Jicho limefunga tangu Alhamisi. Yakobo mwenyewe alikuja, akakaa naye, akasema kipofu hana wa kumkwepa, mila imemwachia. Mkwe aingie amhudumie. Yakobo kasema hivyo kwa roho safi kabisa, Godwin anasema alikuwa na machozi.

Niliingia sebuleni kwao kwa mara ya kwanza. Mzee alikuwa kwenye kiti cha mbao, shati jeupe limepigwa pasi. Ana ndevu, chache, nyeupe. Ana kovu kidevuni. Masikio ya Godwin yametoka kwake. Nilimtazama nilivyotaka, hakuna aliyenizuia, na ningetoa chochote mtu anizuie.

"Shikamoo baba."

Mama akaanza kurudia, "Anasema shika..." Akaishia hapo. Akaenda jikoni.

"Marahaba, Dorothea," akasema mzee. Lilikuwa jina langu, kwa sauti ile ile ya mianzini. "Umekuja na vumbi?"

"Vumbi tupu, baba."

"Una urefu gani?"

Nikamwambia namfikia Godwin begani. Akauliza mimi ni mweupe au mweusi, nikasema maji ya kunde. Akauliza nafanana na nani. Nikasema na mama yangu.

"Mama yako simjui," akasema.

Nikalia, lakini kimya, nikidhani hajui. Nikamwomba msamaha. Akasema yameisha, ng'ombe ameshaliwa. Nikamwambia Dar bado ipo. Msiba unasikika, wafagiaji wanasikika, kivuko unakisikia kwenye miguu. Mimi mwenyewe nitamshika mkono, sasa hakuna wa kutukataza, tutakwenda kila mahali.

Alitabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayekataa chakula akiwa ugenini.

"Mimi nilikuwa nakwenda kutazama, mwanangu."

Alisema hivyo ameelekeza uso mlangoni, alikodhani nimesimama. Nikainuka, nikahamisha kigoda changu mpaka pale macho yake yalipoangukia. Nikakaa hapo.